Mwenye herufi V iliyo kwenye betri yako: Maisha ya Alessandro Volta

Geuza betri yoyote uliyo nayo nyumbani, iwe ya simu, ya pikipiki au ya tochi, utakuta imeandikwa namba na herufi V. Ya pikipiki huwa 12V, ya tochi 1.5V. Katika vipindi vyetu tumekuwa tukieleza namna ya kujitengenezea sanduku la umeme la kubeba, lile lenye betri, fyuzi na sehemu ya kuchomeka simu, ambalo mchungaji anaweza kwenda nalo malishoni na mvuvi kambini. Herufi hiyo hatuikwepi hata siku moja. Basi leo tunamsimulia mwenyewe. Ndiye aliyetengeneza betri ya kwanza, kwa mikono yake, na hata suala la kuibeba alilifikiria.

Alessandro Volta alizaliwa tarehe 18 Februari 1745 katika mji wa Como, kando ya ziwa, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Italia. Ukoo wake ulikuwa wa heshima lakini fedha zilikuwa zimepungua. Inasimuliwa kwamba alichelewa kusema hadi alipofika miaka minne, watu wakadhani ni bubu. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Jamaa waliomlea, wengi wao wakiwa watu wa kanisa, walitaka awe padri au mwanasheria. Kijana hakutaka kimoja wala kingine. Alipenda umeme, akajisomea mwenyewe, na alipokuwa na miaka 18 hivi alikuwa tayari akiandikiana barua na wataalamu wakubwa wa Ulaya.

Umeme wa wakati huo haukuwa huu tunaoujua. Ulikuwa ule wa kusugua, kama unapochana nywele kwa kitana cha plastiki wakati wa kiangazi ukasikia zinatatarika. Unapata cheche, kisha basi. Hakuna aliyeweza kuufanya utiririke kama maji ya mfereji.

Mwaka 1774 Volta alipata kazi ya ualimu mjini kwao, na mwaka uliofuata akatangaza chombo cha sahani kilichoweza kutoa cheche tena na tena baada ya kusuguliwa mara moja. Mwaka 1776 akiwa kwenye Ziwa Maggiore alichokoa tope la ufukweni kwa fimbo, akaona mapovu yanapanda. Aliyakinga kwenye chupa, akayawasha, yakawaka. Ilikuwa methani, gesi ileile ambayo wafugaji wetu leo wanaipata kwenye mtambo wa samadi na kuipikia chai. Volta akaifungia katika chombo pamoja na hewa, akapitisha cheche ya umeme ndani yake, na kizibo kikaruka kwa mlio wa bastola. Likumbuke jambo hili la gesi na cheche, maana tutalirudia.

Mwaka 1778 alihamia Chuo Kikuu cha Pavia, ambako alifundisha kwa miaka mingi. Huko ndiko zilikomkuta habari za chura.

Luigi Galvani alikuwa daktari na mwalimu katika mji wa Bologna. Mwaka 1791 alichapisha habari iliyowashangaza watu: miguu ya chura aliyekufa, ikigusishwa na vipande vya metali mbili tofauti vilivyounganishwa, inaruka kana kwamba ina uhai. Galvani alisema umeme huo unatoka ndani ya mnyama. Volta alirudia majaribio hayo na mwanzoni akamsifu. Kisha akaanza kuona shaka. Mbona metali moja peke yake haifanyi kitu, au inafanya kidogo sana, lakini zikiwa mbili tofauti mguu unaruka vizuri? Akaweka bati juu ya ulimi wake na sarafu ya fedha chini yake, akazigusanisha, akasikia ladha chachu. Hapo hapakuwa na chura. Akasema mguu ule ni kama kipimo tu, umeme unatoka kwenye metali.

Ubishi huo uliwagawa wasomi wa Ulaya kwa miaka kadhaa. Kwa maoni yetu kila mmoja wao alishika kipande cha ukweli: mishipa ya fahamu ya wanyama kweli hutumia umeme, na metali mbili zenye kitu chenye majimaji katikati kweli hutoa umeme. Galvani hakufaidi kitu. Wafaransa walipoiteka nchi na kuunda jamhuri mpya, alikataa kula kiapo cha utii, akapoteza kazi, akafariki mwaka 1798. Volta alijua kuishi na kila mtawala aliyekuja, na kuna wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo.

Tarehe 20 Machi 1800, akiwa nyumbani kwao Como, Volta aliandika barua kwa Sir Joseph Banks, rais wa Royal Society ya London. Ndani yake alieleza kifaa cha rahisi mno. Chukua kisahani cha fedha, weka juu yake kisahani cha zinki, kisha kipande cha kadibodi kilicholowa maji ya chumvi. Anza tena: fedha, zinki, kadibodi. Endelea mpaka upate nguzo ya jozi 30, 40 au 60. Ukigusa chini kwa mkono mmoja na juu kwa mwingine, unapigwa. Ukigusa tena, unapigwa tena, bila kusugua chochote. Yeye mwenyewe alikilinganisha na kiungo cha samaki taa wa umeme, yule anayempiga mvuvi mshtuko.

Siri iko katika kupanga. Jozi moja inatoa nguvu ndogo, kiasi cha volti 1 au pungufu. Ukiziunganisha kwa mfuatano, nguvu zinajumlishwa. Betri ya pikipiki nayo imejengwa hivyohivyo: ndani yake kuna vyumba 6, kila kimoja kikitoa takriban volti 2, jumla 12.

Nguzo ya Volta ilikuwa na kasoro. Uzito wa visahani ulikamua maji kwenye kadibodi za chini, yakachuruzika pembeni na kupunguza nguvu. Zaidi ya hapo, baada ya siku chache kadibodi zilikauka. Akaeleza njia mbili. Ya kwanza ni kupanga vikombe vya maji ya chumvi mstari mmoja na kuviunganisha kwa vipande vya metali. Ya pili ndiyo inayotufurahisha sisi: aliifunika nguzo nzima kwa nta au lami. Nguzo hiyo ilidumu kwa wiki kadhaa, na uliweza kuilaza, kuiinamisha au kuihamisha bila kumwagika. Fundi wa leo anayefunga betri yake ndani ya ndoo ya plastiki anashughulika na tatizo lilelile.

Huko London, hata kabla barua haijachapishwa, William Nicholson na Anthony Carlisle walijenga nguzo yao na kuyagawa maji yawe gesi mbili. Mwaka 1801 Volta aliitwa Paris, akafanya majaribio yake Napoleon akitazama, akatunukiwa medali ya dhahabu. Baadaye akapewa useneta na cheo cha hesabu ya mabwana wakubwa.

Lakini kuna jambo alilokosea. Volta aliamini kwamba umeme unatokana na metali kugusana tu, na kwa hiyo hauishi. Sivyo. Zinki inaliwa polepole na ikimalizika umeme nao umekwisha, ndiyo maana betri ya tochi iliyochoka hufura na kuchuruzika. Bado kuna wauzaji wanaopita minadani wakitangaza umeme usioisha wala usiohitaji kuchajiwa. Ukikutana nao, shika pochi yako.

Kuchaji upya kulikuja mwaka 1859, zaidi ya miaka 30 baada ya Volta kufariki. Mfaransa Gaston Planté alikunja mabati mawili ya risasi, akayatenganisha yasigusane, akayatia ndani ya asidi. Betri za magari na pikipiki bado ni za ukoo huo, na ndizo wengi wenu mnazotumia kwenye masanduku yenu. Kwa hizo, tafadhali hesabuni kabla ya safari. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, kwa hiyo una kama 42. Simu ya kawaida hula wati-saa 15 hivi, na kiasi fulani hupotea njiani. Hapo una simu mbili, si tano. Fyuzi iwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, ili waya ukichunika ndani ya sanduku usiwake moto.

Na ile bastola ya Volta? Betri ya risasi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka kwa cheche ndogo kuliko hata methani. Ukifunga sanduku kabisa bila tundu la hewa, kisha ukachomoa waya ikatoka cheche, umeijenga bastola hiyo tena bila kukusudia. Toboa matundu juu, chajia mahali penye upepo, na mbali na jiko.

Volta alimuoa Teresa Peregrini mwaka 1794, wakapata watoto watatu wa kiume. Mmoja wao, Flaminio, alifariki mwaka 1814 akiwa kijana, na baba hakupona haraka pigo hilo. Miaka michache baadaye aliacha kazi, akarudi kwenye nyumba ya shamba huko Camnago, karibu na Como. Alifariki tarehe 5 Machi 1827, akiwa na miaka 82, akazikwa hukohuko.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme waliokutana Paris walikubaliana kipimo cha nguvu inayosukuma umeme kiitwe volti. Mwaka 1899 watu wa Como waliandaa maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya betri, wakakusanya vyombo vyake vya asili. Moto ukayateketeza maonyesho, na vingi vya vyombo hivyo vikaungua. Vilivyosalia, pamoja na vingine vilivyotengenezwa upya kwa kufuata maandishi yake, vimewekwa leo katika jumba la makumbusho ukingoni mwa ziwa.