Muhuri wa Nyama na Mkono wa Mchinjaji

Katika habari za wafanyakazi wa machinjio, ni majina machache yajulikanayo ulimwenguni kama la Upton Sinclair wa Marekani. Twapenda wasomaji wetu wa Morogoro wamjue, hasa wale wadamkao milima ya Uluguru ingali gizani, wakaenda kuchinja na kuchuna ng'ombe watakaoliwa na mji mchana.

Sinclair alizaliwa mjini Baltimore mwaka 1878. Baba yake alikuwa mlevi, lakini jamaa wa mama yake walikuwa na mali. Basi mtoto huyo aliyajua mapema maisha ya tajiri na ya maskini. Mwaka 1904 gazeti la Wajamaa, Appeal to Reason, lilimpa fedha aende Chicago, ambako wafanyakazi wa viwanda vya nyama walikuwa wametoka kushindwa katika mgomo mkubwa. Alikaa huko majuma saba, amevaa nguo chakavu na kubeba chombo cha chakula kama kibarua, akiingia viwandani na nyumbani mwao.

Kitabu chake, The Jungle, kilitoka mwaka 1906. Kiliwasimulia watu waliokatika vidole kwa kuharakishwa, walioliwa mikono na dawa kali za kuhifadhia nyama, waliopata kifua kikuu, na walioachwa bila mshahara walipoumia. Ni kurasa chache tu zilizoeleza nyama iliyooza.

Wanunuzi wakazishika hizo chache. Rais Theodore Roosevelt akatuma wachunguzi, na tarehe 30 Juni 1906 akatia sahihi sheria ya ukaguzi wa nyama. Nyama ikapata mkaguzi, mchinjaji hakupata. Jambo hilo lilimwuma Sinclair, nasi hatumlaumu. Mwaka 1934 aligombea ugavana wa California, akashindwa. Desemba 1967, akiwa mzee wa miaka 89, alialikwa Ikulu ya Washington kumshuhudia Rais Johnson akitia sahihi sheria mpya, nayo ilikuwa ya ukaguzi wa nyama! Alifariki Novemba 1968. Sheria kubwa ya usalama wa wafanyakazi nchini mwake ilitungwa mwaka 1970.

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya Chicago. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua watu katika nchi yetu, na mkoa wa Morogoro haukusalimika. Virusi vyake humwingia mtu, mara nyingi, kwa kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Nyama ikiiva vizuri, mlaji huokoka. Aliyechinja hakungoja jiko.

Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015. Lakini kibarua alipwaye kwa kichwa cha ng'ombe, asiye na mkataba, akijikata mshipa wa mkono atakwenda kudai kwa nani? Twawataka viongozi wa matawi wafike machinjioni alfajiri, saa ile ile mkaguzi anapogonga muhuri wake, wahesabu mabuti ya mpira na glavu, kisha waulize majina ya vibarua yameandikwa katika daftari gani.