Huddleston: Askofu wa Masasi aliyetaka makaburu wafungiwe soka

JUNI 12, 1998, Bafana Bafana waliingia uwanjani Marseille kucheza mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia. Walichapwa 3-0 na wenyeji Ufaransa, lakini walikuwepo. Askofu Trevor Huddleston hakuiona siku hiyo. Alifariki Aprili 20, wiki saba tu kabla.

Huddleston alizaliwa Bedford, Uingereza, mwaka 1913. Mwaka 1943 akapelekwa kuwa padri Sophiatown, Johannesburg. Huko alikuta ubaguzi kila mahali mpaka viwanjani: mzungu na timu yake, mweusi na yake.

Alipiga kelele mpaka akarudishwa kwao. Mwaka 1956 akatoa kitabu, akashauri makaburu wanyimwe michezo ya kimataifa, maana hapo ndipo pangewauma. Mwaka uliofuata Afrika Kusini iligoma kupeleka timu ya mchanganyiko kwenye Kombe la Afrika la kwanza kule Khartoum. Ikaachwa, wakacheza Misri, Ethiopia na Sudan tu.

Mwaka 1960 Huddleston akaja kuwa Askofu wa Masasi. Jimboni mwake ilikuwemo Chidya, shule ya misheni ambako vijana wa Kimakua, Kimakonde na Kiyao walisoma pamoja, jambo ambalo makaburu waliona haliwezekani kwa mweusi na mzungu.

Akiwa huko huko Masasi, mwaka 1961 FIFA iliisimamisha Afrika Kusini. Mwaka 1963, chini ya Stanley Rous, ikaifungulia. Waafrika wakaja juu, 1964 ikafungiwa tena, na 1976 ikafukuzwa kabisa.

Adhabu ile iliwaumiza na wasio na kosa. Mastaa weusi wa Orlando Pirates, Moroka Swallows na Kaizer Chiefs wengi walizeeka bila kugusa michuano ya Afrika. Huddleston hakulegeza. Mwaka 1968 alimwachia jimbo mzalendo, Hilary Chisonga, na kuanzia 1981 akawa rais wa chama cha kupinga ubaguzi huo kilichokuwa London.

Kifungo kiliisha 1992. Ukame wa miaka 30 ukalipwa haraka: Pirates walibeba ubingwa wa klabu Afrika 1995, na 1996 Bafana wakaifunga Tunisia 2-0 na kutwaa Kombe la Afrika, safari hii weusi na weupe timu moja.

Majivu ya Huddleston yalirudishwa Sophiatown, kwenye kanisa lake la zamani.