Paul Bomani na Kura za Watu wa Ziwa

Tumetakiwa kila mmoja aandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha fariki dunia, ambaye maisha yake yana mafunzo kwetu. Wenzangu wengi wamechagua wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua Bwana Paul Bomani. Kwetu ni Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, nchi ya pamba, na habari za pamba na za kura katika nchi ile haziwezi kusimuliwa pasipo kulitaja jina lake.

Siku hizi Nassa imo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Zamani ilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa, lililotawaliwa kutoka Mwanza. Msomaji akumbuke hilo, kwani kila nitakapotaja Jimbo la Ziwa, na kwetu kumo.

Bwana Bomani alizaliwa Ikizu, upande wa Musoma, tarehe 1 Januari, 1925. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kisabato. Alisoma huko huko Ikizu, kisha akafanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947 akaingia katika ushirika wa wafanya biashara Waafrika wa Mwanza, na hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanzia.

Wakati ule mkulima alilima pamba, akaichuma, akaichambua, akaibeba mpaka kwa mnunuzi. Huko bei ilikuwa kwa ratili, lakini mzani ulikuwa wa mnunuzi, na aliyeusoma alikuwa mnunuzi. Mkulima asiyejua kusoma angewezaje kubisha? Wengi walipunjwa, na walijua kuwa wanapunjwa, ila hawakuwa na la kufanya. Basi dawa iliyotumiwa kwanza ilikuwa ndogo na rahisi: kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wasio wa mnunuzi, ili kila mzigo upimwe kwa haki. Wakulima walipoona tofauti, wakataka zaidi ya mzani. Wakaanza kujiunga.

Bwana Bomani alizunguka vijijini kuwaeleza watu maana ya ushirika. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza kusoma katika chuo cha ushirika cha Loughborough, naye aliporudi vyama vidogo vidogo vya wakulima viliunganishwa, na mwaka 1955 likapatikana shirikisho lililoitwa Victoria Federation, yeye akiwa meneja wake mkuu. Mwaka uliofuata ushirika ukapata jinari yake ya kwanza, Kasamwa katika Geita. Baada ya miaka michache karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na wenyewe walioilima. Lilihesabiwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima.

Sasa nije kwenye kura. Toka mwishoni mwa mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliizuia TANU kufanya kazi katika nchi ya Usukuma, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1958. Kwa hiyo watu wetu walijifunza siasa mahali pengine, yaani katika mikutano ya ushirika. Humo walichagua wenyeviti wao, wakasikiliza hesabu zikisomwa, wakauliza maswali, na aliyeshindwa kujibu wakamwondoa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya uchaguzi kwetu.

Bwana Bomani alikuwa tayari mjumbe wa kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Lakini kuteuliwa na gavana si sawa na kuchaguliwa na watu. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa mwaka 1958 na 1959, nao ulikuwa wa ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Tena aliyeruhusiwa kupiga kura ni mwenye elimu ya darasa la nane, au pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo maalum. Fikirini ni wakulima wangapi wa pamba waliofikia kipimo hicho! Hata hivyo TANU, katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, ilikata shauri kuingia katika uchaguzi huo, na Jimbo la Ziwa likampeleka Bwana Bomani barazani kwa kuchaguliwa. Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 Waziri wa Fedha.

Ukaja uchaguzi wa Septemba 1965. Chama kilikuwa kimoja, lakini takriban kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na wagombea wawili waliokubaliwa na Halmashauri Kuu ya TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe na wa pili alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Walisimama pamoja jukwaa moja, wakazungumza kwa Kiswahili, na walikatazwa kutumia kabila, dini wala rangi kuomba kura. Safari hii mkulima hakuulizwa pato lake wala darasa lake.

Na wakulima wakamwangusha Waziri wa Fedha. Naam, mtu yule aliyewapigania kwenye mzani alishindwa huko huko Mwanza, akawa mmoja wa mawaziri wawili walioanguka nchi nzima. Rais Nyerere alimteua tena kuwa mbunge, akampa wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo.

Hapa ndipo wanafunzi wenzangu hubishana. Wengine husema watu wa Ziwa hawakuwa na shukrani. Wengine husema haikufaa aliyekataliwa na wapiga kura arudishwe kwa mlango mwingine. Mimi naona wapiga kura walikuwa katika haki yao. Kura si malipo ya kazi ya jana. Ni neno la mkulima juu ya kesho. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mpimaji hatakiwi kuwa mtu wa mnunuzi. Mwaka 1965 walishika mzani wao wenyewe, wakampima hata mwalimu wao. Lakini naona pia kuwa elimu yake ilikuwa mali ya taifa, na kuitupa kungekuwa hasara.

Jambo la kusifiwa ni kwamba kuanguka hakukumvunja moyo. Aliendelea kutumikia: alikuwa balozi wetu Marekani toka 1972 hadi 1983, na toka 1993 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mpaka alipofariki mwaka 2005.

Ndugu wanafunzi, baada ya miaka michache tutatimiza miaka 18, nasi tutasimama mbele ya sanduku la kura. Tukumbuke kwamba babu zetu waliipata nafasi ile kwa taabu, wakaanzia kwenye gunia la pamba. Tusiitumie kwa ushabiki, wala tusiiuze kwa kofia na sukari. Nanyi mtakaogombea, mjue kushindwa nako, kisha mrudi kazini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu