Florence Nightingale na Hesabu ya Waliokufa

Watu wengi wakilisikia jina la Florence Nightingale hukumbuka taa tu, na mwanamke apitaye usiku kati ya vitanda vya majeruhi. Ni kweli taa alikuwa nayo. Lakini kazi yake kubwa aliifanya baadaye, mezani, kwa kalamu na hesabu, na kazi hiyo iliwaudhi wakubwa wengi.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, ndio uliompa jina. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri, nao hawakupenda kabisa awe muuguzi, kwa maana siku zile uuguzi ulihesabiwa kuwa kazi ya watu duni. Yeye alishikilia shauri lake.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Waturuki, kupigana na Warusi katika Krimea. Gazeti la The Times lilikuwa na mwandishi wake huko, William Howard Russell, na kwa mara ya kwanza watu wa Uingereza wakasoma nyumbani mwao jinsi askari wao walivyoteseka. Waziri Sidney Herbert akamwomba Bibi Nightingale aende. Alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, tarehe 4 Novemba 1854, pamoja na wauguzi 38.

Aliyoyakuta yalitisha. Wagonjwa walilala sakafuni, vyoo vimeziba, mashati hayapo. Vitu vingine vilikuwamo ghalani, lakini havikutoka bila sahihi, na mwenye kutia sahihi hakuonekana. Huko Balaklava maji ya ndimu, dawa ya kiseyeye, yalifika bandarini Desemba 1854 wala hayakugawiwa hata Februari. Askari walipewa kahawa mbichi, haijakaangwa wala kusagwa, na kuni hawana! Ukiuliza ni kosa la nani, kila afisa alikuonyesha mwenziwe.

Wananchi walikasirika. Mbunge mmoja, John Roebuck, alidai uchunguzi ufanywe, na mwisho wa Januari 1855 Bunge likamkubalia kwa kura 305 dhidi ya 148. Serikali ya Lord Aberdeen ikaanguka. Watu wakaona wamempata mwenye kosa. Lakini kuanguka kwa Serikali hakukuzibua choo hata kimoja. Vifo vya Scutari vilipungua sana baada ya Machi, walipofika wataalamu wa afya waliotumwa na Serikali mpya, wakasafisha mifereji ya maji machafu iliyokuwa chini ya hospitali.

Wachunguzi wawili, McNeill na Tulloch, walitoa taarifa iliyowalaumu maafisa wa ugavi waziwazi. Mwaka 1856 baraza la majenerali likakaa Chelsea, likawaondolea lawama wale maafisa. Basi maelfu wamekufa, na hakuna aliyekosa.

Hapo ndipo Bibi Nightingale aliporudi nyumbani. Alikwepa sherehe za kumpokea, akadai Tume ya Kifalme, nayo ikaundwa mwaka 1857. Mwenyekiti wake alikuwa Sidney Herbert, yule yule aliyekuwa waziri mambo yalipoharibika, na kwangu mimi kukubali kwake kiti kile ni jambo la kumsifu. Bibi Nightingale akishirikiana na William Farr, bingwa wa takwimu, alionyesha kwamba kati ya Waingereza wapatao 21,000 waliokufa katika vita ile, zaidi ya 16,000 waliuawa na maradhi, si risasi. Akazichora hesabu hizo kwa rangi, ili hata waziri asiyependa tarakimu aone. Hakuificha hospitali yake mwenyewe: ilikuwa miongoni mwa zilizoua watu wengi kupita zote. Tena alionyesha kwamba hata wakati wa amani, askari kambini Uingereza walikufa karibu mara mbili ya raia wa umri wao.

Kambi zikaanza kutengenezwa, na mwaka 1860 chuo cha waganga wa jeshi kikafunguliwa. Herbert alifariki mwaka 1861, amechoka. Yeye mwenyewe, ingawa alikuwa mgonjwa miaka mingi, aliendelea kuwaandikia mawaziri, mmoja baada ya mwingine.

Alifariki London tarehe 13 Agosti 1910, mwenye umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey, akalazwa East Wellow, penye kanisa dogo la shamba. Kaburini hakuna jina lake, ila herufi mbili, F.N., na miaka yake.