Sheikh Farsy na Swali la Aya Iliteremka Lini

Katika duksi za Garissa, kama katika vyuo vyetu vya pwani, mtoto huihifadhi Qur'ani kwa Kiarabu kwanza. Maana huja baadaye, kwa mdomo wa sheikh, na ng'ambo ile ya Mto Tana sheikh hufasiri kwa Kisomali. Kisomali chenyewe hakikupata maandishi rasmi mpaka mwaka 1972. Kwa hivyo Marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy alipotoa Qurani Takatifu mjini Nairobi mwaka 1969, kijana wa Garissa aliyejifunza Kiswahili shuleni aliweza kujisomea tafsiri kamili ya mwanachuoni wa Kisunni.

Sheikh alizaliwa Unguja mwaka 1912, akasomesha shule za serikali. Alikuwa mtu wa tarehe: aliandika maisha ya Mtume (S.A.W.) na ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Kabla yake, Padre Godfrey Dale alikwisha kutoa tafsiri ya Kiswahili mwaka 1923, na Makadiani wakatoa yao mwaka 1953, kila mmoja na maelezo ya kuutetea upande wake. Sheikh aliwajibu, tena kwa ukali.

Silaha yake ilikuwa kueleza aya iliteremka wapi na kwa tukio gani, kisha inatutaka nini. Faida ya njia hii, waliyoipita wafasiri wa zamani, huonekana katika Surat Al-Mujadila. Aws bin Samit alimwambia mkewe, Khawla binti Thaalaba, kuwa kwake yeye ni kama mgongo wa mamake. Zama za ujahili neno hilo lilikuwa talaka. Bibi akaenda kushtaki kwa Mtume, na aya zikateremka.

Asiyeijua tarehe hiyo atashangaa mgongo wa mama umeingiaje. Lakini anayeishia kwenye tarehe ataona ni ugomvi wa watu wawili wa Madina, basi. Wanavyuoni wanasema lafudhi ikiwa ya jumla, hukumu haifungwi na aliyeteremshiwa. Mume wa leo akitamka hivyo, wa Lamu au wa Wajir, hamgusi mkewe mpaka afunge miezi miwili mfululizo, au asipoweza alishe maskini 60. Kumwacha huru mtumwa ndiko kunakotangulia katika aya, lakini mtumwa hayupo tena.

Kwa kadhi hayo si ya darasani tu. Sheikh Farsy alishika ukadhi mkuu wa Kenya mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya vita vya Shifta kumalizika huko Kaskazini Mashariki. Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 1980, akahamia Oman, na akafariki Muscat mwezi wa Novemba 1982. Allah amrehemu.