Lawren Harris: mchoraji aliyetafuta mzizi wa mlima

Sisi tunaosoma sarufi tunajua kazi ya kutafuta mzizi wa neno. Tunachukua anapenda, walipendana, kipendwa na upendo, tunaondoa viambishi vyote, tunabaki na -pend-. Hakuna mtu anayeutamka mzizi huo peke yake sokoni, lakini bila huo maneno yale yote yasingekuwepo. Lawren Harris, mchoraji wa Kanada, aliifanya kazi ya namna hiyo kwa rangi, na neno alilolichambua lilikuwa mlima.

Alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1885 katika mji wa Brantford, jimbo la Ontario. Jamaa yake walikuwa miongoni mwa wenye kampuni ya Massey-Harris iliyotengeneza mashine za kilimo. Baba yake alifariki mwaka 1894, na mama akahamia Toronto pamoja na watoto. Mali ya ukoo ilimpa Harris kitu ambacho wasanii wachache wanacho: hakulazimika kuuza picha ili apate kula. Tukifuatilia maisha yake ni vizuri tusilisahau jambo hili, kwa maana mara nyingi alithubutu kuacha njia iliyompatia sifa, na aliweza kuthubutu kwa sababu njaa haikuwa inamsubiri mlangoni.

Mwaka 1904 alikwenda Berlin kujifunza uchoraji, akarudi nyumbani mwaka 1908. Kwanza alichora mitaa ya maskini ya Toronto, na nyumba zake za mbao zilizofunikwa na theluji. Mwanzoni mwa mwaka 1913, yeye na rafiki yake J.E.H. MacDonald walivuka mpaka hadi Buffalo, Marekani, kuangalia maonyesho ya wachoraji wa Skandinavia. Waliona nchi ya baridi, misonobari na barafu iliyofanana sana na yao, lakini iliyochorwa na wenyeji wake bila kuomba ruhusa kwa Paris wala London. Waliporudi walikuwa na nia moja: Kanada nayo ipate macho yake yenyewe. Mwaka uliofuata, Harris na daktari James MacCallum walikamilisha jengo la karakana mjini Toronto, ambamo wachoraji wangefanya kazi kwa kodi ndogo.

Kisha vikaja vifo. Julai 1917 Tom Thomson, mwenzao aliyekuwa akiijua misitu ya kaskazini kuliko wote, alikufa maji katika ziwa la Canoe. Mwanzoni mwa mwaka 1918 Howard, ndugu wa pekee wa Harris, aliuawa vitani Ulaya. Harris mwenyewe alikuwa jeshini tangu 1916, naye akarudishwa uraiani mwaka huo wa 1918 kwa sababu moyo na akili vilikuwa vimelemewa. Alipona kwa kusafiri. Alikodi behewa la treni, likawekewa vitanda na jiko, na pamoja na wenzake wakavutwa hadi misitu ya Algoma. Behewa liliachwa kando ya reli, nao wakashuka kila siku kuchora. Mwezi Mei 1920 wachoraji saba walifungua maonyesho yao ya kwanza Toronto kwa jina la Kundi la Saba, na Harris ndiye aliyekuwa nguzo yao.

Hapo ndipo kazi ya kuondoa ilipoanza kuonekana wazi. Kuanzia mwaka 1921 alikwenda na A.Y. Jackson kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Superior, ambako moto ulikuwa umeunguza msitu na kuacha visiki na miamba mitupu. Mwaka 1924 walifika Milima ya Rocky. Nje, penye baridi, Harris alichora kwa haraka juu ya vibao vidogo vya mbao. Kisha, karakanani Toronto, aliichora upya sura ileile kwenye kitambaa kikubwa, na kila hatua kitu kilipungua. Majani yalitoka, nyufa za mwamba zikatoka, mawingu yakawa maumbo laini kama yaliyochongwa. Katika picha yake ya Mlima Lefroy ya mwaka 1930, kilele kimechongoka kuelekea mwanga kuliko kilivyo chenyewe kwa asili. Katika miaka hiyo aliacha pia kutia saini na tarehe kwenye picha nyingi. Hata jina lake aliliona kuwa kiambishi.

Haya hayakuwa mchezo wa mitindo. Harris alikuwa mfuasi wa teosofia, mafundisho yanayosema kwamba nyuma ya vitu vinavyoonekana kuna ukweli mmoja wa kiroho. Kwake mlima ulikuwa mlango. Mwaka 1930 alisafiri na Jackson hadi Aktiki kwa meli ya Beothic, akachora mabarafu yanayoelea. Baada ya safari hiyo mkono wake ulianza kukauka. Alikuwa amefika mwisho wa mandhari, na hakujua bado jinsi ya kuvuka.

Mwaka 1934 aliachana na mke wake, Trixie, aliyezaa naye watoto watatu, akamwoa Bess Housser, aliyekuwa mke wa rafiki yake. Kashfa ilikuwa kubwa, na wawili hao wakaondoka Toronto. Waliishi Hanover, Marekani, kisha mwaka 1938 wakahamia Santa Fe, ambako Harris alijiunga na wachoraji wengine waliotafuta sanaa ya kiroho isiyoiga kitu chochote. Ni katika miaka hiyo ya uhamisho alipovuka. Picha zake zikawa za dhahania kabisa: pembetatu, duara, miale, tabaka za rangi zinazopandana. Nyingi hazikupewa jina la mahali. Lakini anayezijua picha za Lefroy anaiona ile pembetatu inayopanda, na ule mwanga unaotoka nyuma. Mlima haukuondoka, umebaki mzizi wake.

Vita vilimrudisha Kanada mwaka 1940, akakaa Vancouver hadi mwisho wa maisha yake. Alisaidia kuanzisha shirikisho la wasanii wa nchi nzima na kuliongoza. Alimsaidia pia Emily Carr, mchoraji wa pwani ya magharibi, ambaye mwaka 1927 alikuwa amezitazama picha za Harris na kurudi kazini kwa nguvu mpya. Bess alifariki mwaka 1969, na Harris mwenyewe tarehe 29 Januari 1970. Wamezikwa pamoja Kleinburg, katika uwanja wa jumba la sanaa la McMichael.

Hukumu ya watu ni ya namna mbili. Milima yake inapendwa: mwaka 2016 moja ya picha hizo iliuzwa Toronto kwa zaidi ya dola milioni 11 za Kanada. Picha zake za dhahania zimebaki pembeni, ingawa alizichora kwa zaidi ya miaka thelathini. Wengi wanapenda neno zima, lenye viambishi vyake. Mzizi mtupu unawachosha.

Lipo pia deni ambalo wahakiki wa leo wanamdai. Ufuko wa Superior ni nchi ya Waojibwe. Katika Rocky waliishi Wanakoda. Aktiki ni ya Wainuit. Katika picha zake kubwa watu hawa karibu hawaonekani kabisa. Alipokuwa akiondoa yasiyo ya lazima, aliwaondoa na wenyeji, na nchi yenye wenyewe ikaonekana kama nchi tupu. Hii ni hatari ya kila anayetafuta mzizi, hata sisi tulio darasani: tukishaupata, tusisahau kwamba neno lilikuwa kinywani mwa mtu.