Woody Guthrie na Sahani za Vumbi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini yako mambo mema yaliyokosa wanunuzi siku za mwanzo. Mwaka 1940 kampuni ya Victor ya Marekani ilitoa sahani za santuri za mwimbaji mmoja wa Oklahoma, nazo zikanunuliwa na watu wachache tu. Leo wapenzi wa mwimbaji huyo wanapobishana ni albamu gani iliyo bora kupita zote alizoacha, sisi twaichagua hiyo hiyo. Ili msomaji atuelewe, hapana budi tueleze kwanza maisha ya mtu mwenyewe.

Woodrow Wilson Guthrie, aliyejulikana kwa jina la Woody, alizaliwa tarehe 14 Julai, 1912, katika mji mdogo wa Okemah. Utoto wake ulijaa misiba. Dada yake alikufa kwa kuungua moto mwaka 1919. Mama yake alipatwa na maradhi ya Huntington, ambayo huharibu ubongo polepole na ambayo mzazi aweza kumrithisha mtoto. Mwaka 1927 mama huyo alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, wala hakurudi tena nyumbani. Kijana akahamia Pampa, katika jimbo la Texas, akajipatia riziki kwa kuchora mabango ya maduka na kupiga gitaa katika dansi.

Huko Pampa ndiko alikokutana na vumbi. Wakulima wa nchi tambarare walikuwa wameilima ardhi iliyofunikwa na majani tangu kale, wapate kupanda ngano. Ukame ulipokuja, udongo haukuwa tena na mizizi ya kuushika, na upepo ukauchukua. Tarehe 14 Aprili, 1935, wingu jeusi la vumbi liliifunika nchi hata mchana ukawa usiku, na watu wengi wakadhani kwamba Kiyama kimefika. Mazao yakafa, madeni yakazidi, na jamaa maelfu kwa maelfu wakapakia vyombo vyao katika magari mabovu wakashika njia ya California. Huko hawakukaribishwa. Mwaka 1936 polisi wa Los Angeles walitumwa mipakani mwa jimbo kuwazuia wasio na fedha.

Guthrie naye alishika njia hiyo. Huko Los Angeles alipata kazi ya kuimba katika redio. Hakuwa malaika. Mwaka 1937 aliimba redioni wimbo wenye neno la kuwatukana watu weusi. Msikilizaji mmoja mweusi akamwandikia barua ya kumkemea, naye akaomba radhi hewani na kuacha kabisa kulitumia neno lile. Baadaye aliandika makala katika gazeti la People's World, la chama cha Kikomunisti, na mwaka 1939 akawaimbia wachumaji pamba waliokuwa katika mgomo.

Mapema mwaka 1940 alikwenda New York. Katika miezi ya Aprili na Mei, Victor ilimrekodi huko Camden, New Jersey, peke yake na gitaa na kinanda chake cha mdomo. Zikatoka albamu mbili zilizokuwa kazi moja, Dust Bowl Ballads, kila moja ikiwa na sahani tatu. Wimbo mmoja, ulioenea pande mbili za sahani, unasimulia habari za Tom Joad kutoka katika kitabu cha John Steinbeck. Guthrie alitaka hata mtu asiye na fedha za kununua kitabu azipate habari hizo. Wimbo mwingine unawaonya wahamiaji kwamba California haimfai asiye na fedha, na mwingine unahusu maradhi ya mapafu yaliyoletwa na vumbi. Nyimbo mbili ziliachwa, zikaongezwa mwaka 1964.

Wako wasomaji watakaotupinga. Wengine watasema kwamba wimbo wake uliopendwa kuliko yote, ule wa kuitaja nchi kuwa mali ya watu wote, haumo katika sahani hizi. Ni kweli, aliurekodi mwaka 1944 kwa Moses Asch. Wengine watachagua nyimbo zake za Sacco na Vanzetti, wafanyakazi wawili waliouawa na serikali ya Massachusetts mwaka 1927. Nyimbo hizo ni za haki. Lakini aliziandika kwa kuagizwa, karibu miaka ishirini baada ya tukio, juu ya mambo aliyoyasoma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na vumbi Guthrie alilimeza mwenyewe.

Iko hoja nyingine nzito zaidi, kwamba Guthrie hakuwa mkulima aliyenyang'anywa shamba. Twaikubali. Alikuwa mchora mabango. Lakini hakujifanya mkombozi wa wakulima. Aliwapa sauti, na mara nyingi aliwapa kicheko pia, maana mnyonge anayecheka hajashindwa. Tena kazi ile haikuwa mwisho wa kujifunza kwake. Mwaka 1948 ndege iliyokuwa ikiwarudisha kwao wafanyakazi wa mashamba wa Mexico ilianguka California, wakafa watu 32, na habari nyingi zilizotangazwa hazikuwataja Wameksiko hao kwa majina. Guthrie akawaandikia shairi la kuwalilia.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Maradhi ya mama yake yakamrudia yeye, yakamnyang'anya kwanza gitaa, kisha maneno. Alikaa hospitalini miaka mingi, akafa New York tarehe 3 Oktoba, 1967, akiwa na umri wa miaka 55. Lakini sahani za vumbi zilikuwa zimetolewa upya na Asch tangu mwaka 1950, na vijana waliozisikia wakajifunza kwamba maisha ya mtu wa kazi yatosha kuwa wimbo.

Basi, ndugu msomaji, ukiulizwa albamu iliyo bora ya mwimbaji umpendaye, usihesabu sahani zilizouzwa. Uliza kama wale walioimbwa wangesikia na kusema kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa.